Kufungua paipu za mafuta kwenye pikapu ya zamani

Pikapu nyingi ninazotengeneza hapa Malindi zimeliwa na chumvi. Hii imebeba magunia ya chumvi kutoka Gongoni miaka na miaka, ile imebeba samaki wa Mayungu na maji ya barafu yakichuruzika mpaka kwenye chasisi. Paipu ya mafuta unaiona nzima, ukiikwaruza kwa kucha inabanduka maganda. Gari la namna hiyo linataka subira. Kinachoumiza watu ni presha iliyobaki ndani ya paipu, mvuke wa petroli, na nati iliyoshikana na kutu.

Mahali pa kazi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotea kama moshi. Unatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye shimo la gereji. Kwa hiyo fanya kazi nje, kivulini, upepo ukipita, na kamwe usifungulie paipu juu ya shimo. Sigara hakuna. Muuza kahawa akija na dele lake, makaa yaliyo chini yake yanatosha kuwasha moto, basi mimi humwomba asimame kando ya barabara, nikamfuata huko huko kununua kikombe changu. Mulika kwa tochi, usitumie balbu ya waya, maana ikianguka ikapasuka ni cheche. Weka karibu mtungi wa kuzimia moto wa unga, au debe la mchanga mkavu. Maji usithubutu: petroli huelea juu yake, na moto unasafiri nayo.

Injini iwe imepoa kabisa, na tangi lisiwe limejaa.

Hatua ya 1: toa presha

Ikiwa injini ni ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, presha ni ndogo. Lakini Hilux ya petroli yenye injekta, zile zinazonyunyiza petroli kwa presha, ina baa 2 hadi 3 kwenye paipu, karibu sawa na upepo wa tairi, na presha hiyo hubaki hata saa kadhaa baada ya kuzima gari. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilifungua boliti ya filta bila kulijua hilo. Petroli ilinipiga jicho la kushoto, nikainama mferejini naosha jicho mpaka shingo ikauma. Tangu siku hiyo sishiki paipu bila miwani ya kazi, na kijana yeyote anayejifunza kwangu namvalisha kabla hajagusa spana.

Fungua kifuniko cha tangi, mvuke utoke. Chomoa fyuzi au rilei (swichi ya umeme) ya pampu ya mafuta. Washa injini, iache iungurume mpaka ijizime yenyewe, kisha piga stata tena sekunde chache. Ndipo uzime swichi na ufungue waya wa negativi wa betri. Ukianza na betri, huna tena njia ya kuimaliza presha. Na kama gari halikubali kuwaka, chukulia presha imo yote na ufungue kwa uangalifu zaidi.

Hatua ya 2: nati

Safisha kutu kwa brashi ya waya ya mkono, pulizia dawa ya kutu, uiache. Ikiwezekana ilale nayo usiku kucha.

Tumia spana mbili: moja inashika upande wa filta, nyingine inazungusha nati. Spana ya paipu, ile ya ringi iliyokatwa nafasi ya kupitisha paipu, ndiyo bora, kwa sababu spana ya kawaida hula pembe za nati. Chora mstari wa chaki juu ya paipu. Ukizungusha na mstari nao ukazunguka, simama hapo hapo: nati haijaachia, paipu ndiyo inayojinyonga. Kaza kidogo, legeza kidogo, ongeza dawa. Kuna mafundi wanaoleta moto wa gesi kulegeza nati. Usikubali, hata mwenye gari awe na haraka kiasi gani. Afadhali paipu ikatwe kwa kikatio cha mkono, iwekwe nyingine nzima.

Ikianza kuachia, izungushie kitambaa kikavu, legeza robo tu ya mzunguko, usubiri. Utasikia *sss*, na kitambaa kitalowa. Sauti ikiisha kabisa ndipo uendelee, na chombo cha bati kikiwa chini.

Hatua ya 3: hosi

Legeza klipu, zungusha hosi kwanza, kisha vuta. Iliyogandamana ipasue kwa urefu bila kukwaruza chuma. Tia alama ipi inapeleka mafuta na ipi inarudisha, na ziba ncha zote. Vitambaa vilivyolowa vianike nje, kimoja kimoja, visirundikwe.

Kurudisha

Washa za shaba, vile vipete bapa vya kuzibia kiungo, ziwe mpya. Hosi iwe ya injekta. Ile nyembamba ya kabureta haihimili presha hii hata uikaze klipu namna gani. Rudisha fyuzi au rilei, betri iwe ya mwisho, washa injini, kisha pitisha karatasi kavu ya shashi kwenye kila kiungo ulichofungua. Ikitoka na unyevu, zima, anza tena kutoa presha. Mimi hulilaza gari nje usiku huo, na alfajiri nachungulia chini yake kwa tochi kabla mwenyewe hajaja kulichukua.