Kabla ya Kulaumu Goti, Geuza Kiatu Chako

Nimetengeneza viatu kwa miaka 22, na kazi hii imenizoesha kuanza na soli kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Kuna mama mmoja aliniletea viatu vyake vya kazini, vyeusi vya ngozi laini, anataka vibandikwe soli mpya. Cha kulia kilikuwa kimelika kawaida. Cha kushoto kilikuwa kimelika upande wa nje, pale mbele karibu na kidole cha mwisho, hadi uzi wa mshono ukaonekana. Lakini chini ya kidole gumba mistari ya soli ilikuwa bado mipya, kama ya kiatu kilichotoka kwenye boksi jana. Nikamuuliza, "Mama, hiki kidole gumba cha kushoto kinakunjika?"

Akaniangalia kidogo. "Hakiniumi, mradi nisikikunje," akasema. "Kinachonitesa mimi ni goti, na sasa kiuno."

Alikuwa amehangaika na goti mwaka mzima, na siku zote hizo hakukitaja kidole, maana alishazoea kukikwepa. Kila hatua aliulaza mguu kwa nje ili kisikunjike, na goti likafuata, nyonga ikafuata, kutwa nzima.

Mimi si daktari na sikumtibu. Nilimwambia aende hospitali na viatu vyake mkononi, aonyeshe soli. Haya ninayoandika nimeyapata sehemu mbili: mezani kwangu, na kwa dada mmoja mtaalamu wa fiziotherapia aliyenihudumia nilipopatwa na maumivu ya kisigino.

Wayo unavyofanya kazi

Kila wayo una mifupa 26 na viungo 33. Nyayo mbili, mifupa 52, ni robo ya mifupa yote 206 ya mtu mzima. Wayo ukitua hulegea ili ufuate ardhi, kisha hukaza ili ukusukume mbele. Kinachosaidia kuukaza ni utando mnene kama mkanda, unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Kaa, pandisha mguu juu ya goti, vuta kidole gumba kuelekea muundi. Utaugusa mkanda huo ukikaza chini ya ngozi, na tao la wayo litapanda mbele ya macho yako. Mtafiti J. H. Hicks aliueleza utaratibu huu mwaka 1954, akaufananisha na mtambo wa kuvutia mzigo kwa kuzungusha kamba kwenye gogo. Kidole gumba ndicho mpini wa kuzungushia. Kisipopanda, kamba haikazi, na wayo unabaki umelegea wakati ule ule unaotakiwa kusukuma. Hapo mtu hutafuta njia nyingine bila kujua: hugeuza mguu nje, hufupisha hatua, huinua nyonga, huinama mbele.

Kwenye kifundo cha mguu mambo ni hayo hayo. Shavu la mguu likikakamaa, muundi hauwezi kuinama mbele vizuri juu ya wayo. Mwili utautafuta mwendo huo kwingine, kwa kisigino kunyanyuka mapema, au tao kubonyea na goti kuingia ndani.

Sisemi kila goti linalouma limeanzia mguuni. Magoti na viuno vina maradhi yake. Ninachosema ni kwamba kuangalia mguu ni kazi ya dakika chache.

Anza na jozi unayoivaa sana

Weka viatu mezani, visigino vikuelekee, uiname hadi macho yawe sawa na meza. Kulika kidogo nyuma kwa upande wa nje kusikutie hofu, watu wengi hutua hapo. Linganisha cha kulia na cha kushoto. Kama kimoja kimelika zaidi sana, au kimeegemea upande kama mtu aliyechoka, uzito hauendi sawa. Kisha vigeuze uangalie mbele. Chini ya kidole gumba panapaswa kuwa na dalili za kazi.

Sasa toa soli ya ndani uipeleke kwenye mwanga. Mimi hapo ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Jasho na uzito huacha doa jeusi la kila kidole. Doa la kidole gumba likiwa limepanda hadi ukingoni, kiatu ni kifupi. Ukihesabu madoa matatu au manne badala ya matano, vidole vimebanana, kimoja kimepanda juu ya mwenzake. Pale panapobeba uzito kuliko kwingine utakuta pamebonyea na kung'aa.

Jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo kwa shughuli za mchana, simama peku juu ya karatasi, uzito kwenye miguu yote miwili. Mtu mwingine achore kuzunguka nyayo zako, penseli ikiwa wima. Ukijichorea mwenyewe utainama na mchoro utaharibika. Kisha weka soli ya ndani juu ya mchoro. Nimeona watu wakinyamaza hapo: mguu umetokeza pande zote mbili, na ndani ya kiatu hicho wameishi miaka mitano.

Chora miguu yote, kwa sababu mara nyingi mmoja ni mkubwa kidogo. Nunua kwa mguu mkubwa, ukiwa umesimama, na baki na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa wengine ni cha pili. Namba usiiamini peke yake. Viwanda havilingani, na mguu wako wa leo huenda si ule wa miaka kumi iliyopita; umri huubadilisha, na ujauzito pia. Watu huniomba nivipanue viatu walivyonunua vikibana. Upana naweza kuongeza kidogo, kama ni ngozi. Urefu siwezi, na mwenzangu akikuahidi urefu, usimwachie kiatu chako.

Ukishika kiatu dukani, kikunje. Kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati. Bonyeza nyuma ya kisigino. Pawe pagumu kiasi cha kushika. Kiwe na kamba au mkanda wa kukibana juu ya wayo, maana kiatu kisichoshika huvifanya vidole vikamate soli kila hatua ili kisichomoke. Ndala ni za bafuni na safari fupi. Na ulaini peke yake usikupumbaze. Kiatu kinachobonyea kama mto ukikikanyaga dukani kinaweza kuwa kinakuyumbisha ukishatembea saa nzima.

Pima mwendo wako

Simama ukiutazama ukuta, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Halafu mguu wa pili. Tofauti ya pande mbili ndiyo ya kuangalia zaidi. Kisha, karibu na kitu cha kushika, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi kumi, na utazame wayo unavyohangaika kukuweka wima. Mwisho, ukiwa umesimama, jaribu kuinua kidole gumba peke yake, vingine vinne vibaki chini. Wengi hawawezi siku ya kwanza. Siyo ugonjwa, ni kwamba misuli hiyo haijatumwa kazi siku nyingi.

Kisigino changu

Kilianza na asubuhi. Nikishuka kitandani, hatua ya kwanza ilikuwa kama kukanyaga jiwe lenye ncha. Baada ya dakika kumi linapoa. Nikikaa saa mbili nikishona, nikisimama linarudi. Nilianza kutembea kwa ncha ya mguu wa kulia, na baada ya miezi miwili nyonga ya kushoto ikaanza kuuma kuliko kisigino chenyewe. Nikawa ninaichua nyonga kwa dawa kila usiku, na kila asubuhi ninachechemea vile vile.

Yule dada wa fiziotherapia hakuigusa nyonga kwanza. "Vua viatu, baba, tembea hadi mlangoni urudi." Nikatembea. Akanikalisha, akabonyeza kwa kidole gumba chake mbele kidogo ya kisigino, upande wa ndani. Niliruka. Akasema nyonga inachoka kwa sababu inafanya kazi ya mguu mwingine.

Alinipa mazoezi, nami nayafanya hadi leo. La kwanza ni kabla ya kukanyaga sakafu asubuhi: pandisha mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea muundi hadi mkanda wa chini ukaze. Hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya mara tatu kwa siku, na hasa kabla ya kuinuka baada ya kukaa muda mrefu.

La pili ni la shavu la mguu. Shika ukuta, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegandamana na sakafu, sekunde 30. Kisha kunja goti hilo kidogo, kisigino kisiondoke, sekunde 30 nyingine. Watu huliruka hilo la goti lililokunjwa, na ndilo linalofika kwenye msuli wa ndani zaidi.

La tatu ndilo lililonijenga. Kunja taulo liwe kama gogo dogo, liweke kwenye ukingo wa ngazi, vidole vikae juu yake vikiwa vimeinuka, kisigino kining'inie. Shika kitu. Panda kwa sekunde tatu, kaa juu sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu. Ni polepole kuliko unavyodhani. Hesabu kwa sauti. Anza kwa miguu yote miwili, ukipata nguvu tumia mmoja. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Maumivu madogo yanayotulia yenyewe si kitu, ila asubuhi inayofuata ikiwa mbaya kuliko jana yake, punguza.

La nne unaweza kulifanya umekaa kazini. Wayo ukiwa sakafuni, vuta kitako cha kidole gumba kielekee kisigino ili tao lipande, lakini vidole visijikunje. Vikijikunja, umekosea. Shikilia sekunde tano, mara kumi.

Usitegemee wiki mbili. Nyonga yangu ilinyamaza mwezi wa tatu wa mazoezi, kabla kisigino hakijapona sawasawa, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuchechemea. Kisigino kilinichukua karibu miezi saba.

Ngozi, kucha na ganzi

Osha, kisha kausha katikati ya vidole, maana unyevu hapo ndio chakula cha fangasi. Mafuta paka juu na chini, si katikati ya vidole. Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembeni. Sugu ni ngozi inayojikinga na kitu kinachosugua au kubana. Ukiisugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu na kiatu kikabaki kile kile, itarudi. Wembe usiuguse kabisa.

Nenda hospitali bila kungoja kama kuna kidonda kisichopona, mguu mmoja umevimba ghafla pamoja na maumivu ya shavu la mguu, wayo una joto na wekundu, au umeteguka na huwezi kupiga hatua nne. Ganzi pia usiizoee.

Kwa mwenye kisukari, ganzi ndiyo ninayoiogopa kuliko yote. Mwombe mtu akuguse kwa wepesi kabisa, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote, wewe umefumba macho ukitaja anapogusa. Ukikosa viwili au zaidi kati ya hivyo sita, kamwone daktari. Na kila usiku angalia nyayo zako. Kama huwezi kuinama, weka kioo sakafuni.

Mzee mmoja aliniletea kiatu akilalamika soli imeachia. Niliingiza mkono ndani kama ninavyofanya siku zote, nikachomwa. Msumari ulikuwa umepenya kutoka chini, ncha yake imesimama kama nusu sentimita, na soli ya ndani ina doa la damu iliyokauka, pana kama sarafu. Nikamuuliza ni tangu lini. Hakujua ninazungumzia nini. Alikuwa amefika kwangu kwa miguu, amekivaa hicho hicho. Tuliuvua mguu soksi pamoja, na siku ile ile mwanawe akampeleka hospitali.

Tangu siku hiyo kila anayechukua kiatu kwangu namwomba afanye hivi kila asubuhi kabla hajavaa: ingiza mkono hadi mbele kabisa, papasa kila pembe, kisha kigeuze ukung'ute.