Jinsi ya Kujitetea kwa Ajili ya Imani Mbele ya Wenye Mamlaka: Mwongozo kutoka Mashauri ya Paulo huko Kaisaria

Mkristo anayeitwa mbele ya hakimu, mwajiri au baraza lolote kwa sababu ya imani yake huangukia kwa urahisi katika moja ya makosa mawili. Hunyamaza kwa hofu, akitumaini kwamba ukimya utampitisha salama, au hufoka, akidhani kwamba ukali wa maneno ndio ujasiri. Mtume Paulo aliposimama mbele ya maliwali wa Kirumi, Feliki na baadaye Festo, hakufanya hilo wala lile. Luka ameyaandika mashauri hayo kwa urefu usio wa kawaida katika Matendo ya Mitume, na naamini hakuyaandika ili tumstaajabie Paulo tu. Yesu alikuwa amekwisha kuwaambia wanafunzi wake kwamba watapelekwa mbele ya maliwali na wafalme kwa ajili yake, na kwamba jambo hilo litakuwa kwao nafasi ya kushuhudia.

Kabla ya kuendelea, soma sura ya 21 hadi ya 26 mfululizo, kwa kikao kimoja. Mtu akisoma vipande vipande huona hotuba nzuri, lakini akisoma yote pamoja huona kesi iliyochukua zaidi ya miaka miwili, na ndani yake njama ya kuua, barua ya ofisa iliyopindisha ukweli, wakili wa kukodiwa, na liwali aliyengojea rushwa.

Anza kabla hujaitwa

Utetezi wa Paulo mbele ya Feliki ni mfupi, na ungeweza kusomwa kwa dakika mbili. Uliwezekana kuwa mfupi kwa sababu kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika mahali pengine. Yeye mwenyewe anasema kwamba hujizoeza kuwa na dhamiri isiyo na hatia mbele za Mungu na mbele ya watu siku zote (24:16). Neno la kushika hapo ni kujizoeza. Dhamiri safi haipatikani asubuhi ya siku ya shauri. Ni zoezi la kila siku, kama mwanariadha anavyozoeza mwili wake muda mrefu kabla ya mashindano.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujichunguza mwenyewe kwa ukweli. Kama una deni ulilokwepa kulilipa, lilipe. Kama uliwahi kumwambia mwenzako neno la uongo au la matusi, nenda ukatengeneze naye. Mshitaki anayetafuta kosa la imani yako atafurahi zaidi akipata kosa la mwenendo wako, kwa maana hapo hatahitaji tena kubishana na Injili.

Paulo mwenyewe hakuwa malaika. Siku alipowekwa mbele ya baraza la Wayahudi, kuhani mkuu Anania aliamuru apigwe kinywa, naye akamjibu kwa hasira, akimwita ukuta uliopakwa chokaa. Alipoambiwa kwamba anayemtukana ni kuhani mkuu, alirudi nyuma papo hapo na kunukuu torati inayokataza kumnenea mabaya mkuu wa watu. Hakujitetea kwa kusema kwamba yeye ndiye aliyeanza kuonewa, ingawa ndivyo ilivyokuwa. Ukiteleza katika maneno, rekebisha mbele ya wale wale waliokusikia, kisha uendelee na jambo lenyewe.

Wako watakaouliza kama maandalizi haya hayapingani na agizo la Yesu la kutofikiri-fikiri jinsi tutakavyosema. Mimi sioni mpingano wowote. Bwana alikataza wasiwasi unaomfanya mtu atafute maneno ya kujiokoa, lakini hakukataza maisha ambayo Roho anaweza kuyatumia kama ushahidi.

Tenganisha mashtaka, kisha ujibu kila moja kwa kipimo chake

Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Siku tano baada ya Paulo kuletwa kutoka Yerusalemu hadi Kaisaria, mji wa makao ya liwali, Anania aliteremka na wazee pamoja na msemi aliyeitwa Tertulo. Tertulo alianza kwa kumsifu Feliki kwa amani nyingi na matengenezo mema. Kisha akarundika mashtaka pamoja: kwamba Paulo ni mkorofi anayeanzisha fitina kati ya Wayahudi duniani kote, kwamba ni kichwa cha madhehebu ya Wanazorayo, yaani wafuasi wa Yesu wa Nazareti, na kwamba alijaribu kulitia hekalu unajisi.

Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba hayalingani hata kidogo. La kwanza ni la kisiasa, nalo lilikuwa la hatari kubwa mbele ya liwali ambaye kazi yake ilikuwa kuzuia ghasia. La pili ni suala la imani lililovishwa jina la dharau. La tatu ndilo pekee lililokuwa na mahali na siku, na uzito wake ulikuwa wa kifo, kwa kuwa mtu wa mataifa, yaani asiye Myahudi, hakuruhusiwa kuuvuka ukuta wa ndani wa hekalu. Mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu bamba la jiwe lenye maandishi ya Kigiriki, likimwonya mgeni yeyote kwamba akivuka atakuwa amejiletea kifo mwenyewe. Lakini shtaka hilo lilijengwa juu ya dhana: watu walikuwa wamemwona Trofimo Mwefeso, mtu wa mataifa, akiwa na Paulo mjini, wakadhani kwamba alimwingiza hekaluni (21:29).

Chukua karatasi na ufanye vivyo hivyo na mashtaka yako. Andika kila shtaka peke yake, kisha ujiulize ni lipi ambalo ni kosa mbele ya sheria au kanuni, ni lipi ambalo ni jina baya tu, na ni lipi ambalo ni kweli. Halafu angalia jinsi Paulo alivyojibu. Kuhusu fitina alitoa hesabu ambayo liwali angeweza kuihakikisha: hazikuzidi siku kumi na mbili tangu alipopanda kwenda Yerusalemu kuabudu, na hawakumwona akijadiliana na mtu wala kukusanya watu hekaluni, katika masinagogi, wala mjini. Alitaja muda na mahali, na hakuongeza chumvi. Kuhusu unajisi alieleza kwamba alikutwa hekaluni akiwa ametakaswa, baada ya kuwaletea watu wa taifa lake sadaka, kisha akagusa udhaifu mkubwa wa kesi: Wayahudi wa Asia walioanzisha kelele, ambao ndio waliopaswa kumshitaki, hawakuwapo.

Katikati ya majibu hayo mawili aliweka ungamo. Alikubali kwamba anamwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ile, yaani imani ya wafuasi wa Yesu, ambayo wao waliita uzushi, na kwamba anatumaini ufufuo wa wafu, wenye haki na wasio haki pia. Hakulipunguza jambo hili ili kesi iwe nyepesi. Kanusha kwa nguvu kile ambacho hukufanya, na ukiri kwa nguvu ile ile kile unachoamini, kwa sababu mtu anayekanusha yote pamoja humkana Bwana wake bila kukusudia, na anayekubali yote kwa jina la unyenyekevu husaidia uongo.

Heshima kwa hakimu ni sehemu ya hatua hii. Paulo alianza kwa neno la adabu lililokuwa kweli, kwamba Feliki amekuwa mwamuzi wa taifa lile kwa miaka mingi, akaishia hapo. Tafuta jambo la kweli unaloweza kulisema juu ya anayekuhoji, na usipolipata, salimu kwa adabu na uanze.

Dai haki uliyopewa na sheria

Wapo ndugu wanaodhani kwamba kutumia sheria ni kupungukiwa na imani. Paulo hakuwaza hivyo. Askari walipomfunga ili wampige mijeledi, alimuuliza akida kama ni halali kumpiga Mrumi ambaye hajahukumiwa, na mapigo yakakoma kabla ya kuanza. Mpwa wake alipopata habari kwamba zaidi ya watu arobaini wameapa kutokula wala kunywa hadi wamuue, Paulo alimtuma kwa jemadari Klaudio Lisia, naye akatoa askari mia mbili, wapanda farasi sabini na wenye mikuki mia mbili kumsindikiza usiku. Bwana alikuwa amekwisha kumhakikishia kwamba atashuhudia Rumi, na hata hivyo hakuipuuza habari ya kijana yule.

Mwishowe alipoulizwa na Festo kama yuko tayari kwenda kuhukumiwa Yerusalemu, alitaka rufani kwa Kaisari. Angalia alichosema kwanza: kwamba ikiwa ametenda neno la kustahili kifo, hakatai kufa. Kwa maneno mengine, hakutumia sheria kuikimbia hukumu ya haki, aliitumia kuukimbia mtego. Kama shauri lako liko mahakamani, tafuta wakili mapema na ujue muda wa rufaa, kwa kuwa haki isiyodaiwa kwa wakati hupotea.

Wakati mwingine mlango hufunguka bila wewe kusema neno. Huko Korintho, Paulo alipotaka tu kufunua kinywa, Galio, liwali wa Akaya, aliwafukuza washitaki, akisema hataki kuamua maswali ya maneno na majina na sheria yao.

Vumilia kucheleweshwa bila kununua njia ya kutokea

Feliki aliahirisha shauri, akisema kwamba atalikata Lisia atakapofika. Luka hatuambii kama Lisia alifika. Anatuambia kwamba ilipita miaka miwili, na kwamba Feliki alimwita Paulo mara nyingi kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha.

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu naamini hapa ndipo waumini wengi huanguka, hata wale waliosimama imara siku ya kwanza ya shauri. Shtaka la uongo huonekana wazi kuwa ovu. Rushwa huja ikiwa imevaa nguo za busara: ni kiasi kidogo tu, kila mtu hutoa, familia inateseka, huduma imesimama. Paulo alikuwa na marafiki walioruhusiwa kumhudumia, na liwali alikuwa amesikia kwamba alileta sadaka Yerusalemu. Kama angetaka kutafuta fedha, sababu nzuri hazingekosekana. Hakutoa.

Badala yake alimpa Feliki kitu ambacho hakukiomba. Feliki alipokuja na mkewe Drusila, Paulo alinena juu ya haki, kiasi na hukumu itakayokuja. Kila neno lilimgusa aliyeketi mbele yake. Mwanahistoria Tacitus anamweleza Feliki kuwa mtu aliyetumia mamlaka ya kifalme kwa moyo wa mtumwa, katika ukatili na tamaa. Josephus anasimulia kwamba Drusila alishawishiwa kumwacha mumewe, mfalme wa Emesa, ili aolewe na liwali huyo. Mfungwa aliyehitaji kibali cha mtu huyu alimfundisha juu ya kiasi! Feliki akaingiwa na hofu, akamwambia aende zake, na kwamba akipata nafasi atamwita. Alipata nafasi nyingi, lakini hatusomi kwamba alitubu.

Katika kipindi cha kungoja, basi, weka mambo matatu moyoni: usitoe chochote kwa siri, ukubali msaada wa ndugu wanaokutembelea, na unapoitwa kuzungumza, usiikate kweli kwa kipimo cha masikio ya mwenye funguo.

Fikisha ushuhuda wenyewe

Kuna kipimo kizuri cha kujua kama umeshuhudia au umejitetea tu. Festo alipomweleza mfalme Agripa kesi ile, alikiri kwamba haielewi vizuri, lakini alisema kwamba mabishano yalikuwa juu ya mtu mmoja Yesu aliyekufa, ambaye Paulo alisema kwamba yu hai (25:19). Liwali mgeni, asiyeamini, aliweza kusema kiini cha Injili kwa sentensi moja. Baada ya mahojiano yako, jiulize kama aliyekuhoji angeweza kumweleza mwenzake hivyo, au kama atakumbuka tu kwamba ulilalamika.

Mbele ya Agripa na dada yake Bernike, waliokuja kwa fahari kubwa, Paulo alisimulia mambo kwa utaratibu rahisi: jinsi alivyokuwa mtesaji, jinsi Yesu alivyomtokea njiani kwenda Dameski, na kile alichotumwa kukifanya tangu siku ile. Andaa ushuhuda wako kwa utaratibu huo, na usiufiche wakati ulipokuwa mkosaji. Ukikatizwa kwa dharau, kama Festo alivyopaza sauti akisema kwamba kusoma kwingi kumemgeuza akili, jibu kwa utulivu, ukikiheshimu cheo cha anayekukatiza. Paulo alimjibu kwamba hana wazimu, bali ananena maneno ya kweli, kisha akamgeukia Agripa, aliyewajua manabii, akamuuliza kama anawaamini. Huyo alikuwa mwana wa Herode aliyemuua Yakobo kwa upanga, na Paulo alizungumza naye kama mtu anayeweza kuokoka.

Agripa alijibu kwa kukwepa. Paulo akasema kwamba angemwomba Mungu ili si mfalme tu, bali wote waliomsikia siku ile, wawe kama yeye, isipokuwa vifungo vile. Baada ya kikao mfalme, liwali na walioketi pamoja nao walikubaliana kwamba hakutenda neno la kustahili kufa wala kufungwa, na bado hakuachiliwa. Wewe nawe, utakapotoka katika chumba cha shauri, hata kama jibu halikuwa zuri, andika majina ya waliokuwamo, hakimu, mwandishi, shahidi na mshitaki, uyaombee kila siku kama Paulo alivyowaombea wale akiwa bado amefungwa minyororo.