Kuchagua mbegu ya viazi vitamu itakayozaa kwenye shamba lako Mombasa

Kabla hujauliza ni mbegu gani inayozaa sana, chimba shimo la futi moja shambani kwako utazame udongo. Mbegu inayojaza magunia Kakamega, kwenye usiku wa baridi, hapa pwani inaweza kukupa majani matupu.

Likoni, Mtongwe na Shanzu kuna mchanga mwingi. Viazi hunyooka vizuri humo, lakini maji hayakai, kwa hiyo panda mbegu ya muda mfupi. Kabode, yenye nyama ya rangi ya chungwa na vitamini A kwa wingi, ndiyo ya kuanza nayo: hukomaa kwa takriban miezi minne na hustahimili kiasi ugonjwa wa virusi. Upande wa Jomvu na Miritini udongo ni mfinyanzi: mvua ikinyesha hunata kwenye jembe, jua likiwaka hupasuka. Huko, mbegu yoyote ile, inua tuta sentimita 40 hadi 50. Mizizi inayogeuka kuwa viazi huanza kujipanga katika mwezi wa kwanza baada ya kupanda, na ikikaa majini wakati huo hubaki nyuzi tu.

Kivuli cha minazi na miembe hakitatuliwi kwa kubadili mbegu. Kiazi kinataka jua la kutwa. Chini ya mnazi panda kwa ajili ya matembele, yaani majani ya kiazi, utakula mboga mwaka mzima.

Hesabu miezi pia. Ukipanda katikati ya Aprili, mbegu ya miezi minne unaichimba Agosti, udongo ungali na unyevu. Ya miezi sita inaingia Oktoba, ardhi imeshapasuka, na hapo fukusi, mdudu wa viazi, hushuka kwenye nyufa na kutoboa viazi. Kiazi kilichotobolewa huwa kichungu hata ukikichemsha, na sehemu iliyoonekana nzima huwa chungu vilevile. Hakuna mbegu ambayo fukusi haigusi kabisa. Zinazozalia ndani zaidi ardhini ndizo zinazopona, nawe zifukie kila uonapo ufa. Mbegu ya vuli ikipandwa mwisho wa Oktoba, miezi yake ya mwisho ni ya kaskazi kavu, basi usiipande bila maji ya kumwagilia. Maji ya kisima yenye chumvi yataidumaza.

Virusi navyo hula mavuno kimyakimya. Majani huwa madogo, membamba, yamejikunja na kugeuka manjano, na shina hudumaa. Vinaenezwa na inzi weupe na vidukari, lakini mara nyingi ni mkulima mwenyewe anayevileta kwa kuchukua marando (mashina ya kupandia) ya jirani bila kuyakagua. Ejumula ni nzuri kwa rangi, ila hushindwa upesi na ugonjwa huu. Usiipande karibu na shamba lenye dalili.

Sasa jaribu mwenyewe. Chukua mbegu tatu: Kabode, Vitaa na SPK 004, ile waitayo Kakamega. Ulizia marando safi kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO, Mtwapa. Kila mbegu ipe matuta mawili ya mita 5, yakiachana mita 1, marando kila sentimita 30. Kata ncha za sentimita 30, si shina kuukuu, kwani fukusi hutaga mayai chini ya shina. Laza rando upande, theluthi mbili ifukiwe. Samadi iwe ya kiasi. Mbolea ya kuku ikizidi, majani ndiyo yatakayonenepa.

Chimba tuta moja miezi minne baada ya kupanda, la pili miezi mitano. Tenga viazi vya kuuza, vyembamba na vilivyotobolewa, upime kila fungu. Tuta moja ni mita za mraba 5: kilo 10 za kuuza ni kama tani 8 kwa ekari. Tuta la pili lisipozidi la kwanza, hiyo ni mbegu ya kuchimba mapema.

Vipike pia, kwa nazi. Kinachovunjikavunjika na kugeuka uji kwenye tui, wateja wa Ramadhani watakikataa hata kikiwa kizito kwenye mizani.

Iliyoshinda, hifadhi marando yake kabla ya kaskazi: kitalu kidogo karibu na bomba au penye maji ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi, na kila shina lenye majani yaliyojikunja ling'olewe siku hiyohiyo.