Kumfundisha Mtoto Habari za Mwalimu Nyerere Nyumbani, kwa Vitendo

Kila inapokaribia tarehe 14 Oktoba, watoto wengi wa Tanzania hurudi nyumbani na kazi ya shule inayowataka waandike ni lini na wapi alizaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, na ni lini alifariki. Huandika, huwekewa alama ya vema, na kabla mwezi haujaisha wamekwisha kusahau. Silaumu walimu, kwa kuwa darasa lenye watoto wengi na kipindi cha dakika 40 haliwezi kufanya zaidi ya hapo. Nyumbani, hata hivyo, tuna vitu ambavyo darasa halina: tuna muda wa jioni, tuna bibi na babu walioishi katika miaka hiyo, tuna uwanja, chakula cha kugawana na majukumu ya kupeana. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitumia, na unawafaa watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano.

Anza na noti ya shilingi 1,000. Mtoto anayetumwa dukani ameishika mara nyingi bila kumtazama aliyechorwa juu yake. Iweke mezani, mwache aitazame, kisha subiri aulize. Akiuliza, mjibu kwa kisa kimoja tu, si kwa wasifu mzima. Mwaka wa kwanza nilipojaribu jambo hili na wanangu niliwasimulia kila kitu kwa siku moja, kuanzia Butiama hadi Azimio la Arusha, na kufikia jioni hakuna aliyekumbuka lolote. Tangu hapo kanuni yetu imekuwa kisa kimoja, tendo moja, na siku kadhaa za kupumzika katikati.

Mzazi anapaswa kukijua kisa kabla ya kukisimulia. Kwa watoto wadogo, kisa kinachowagusa kuliko vyote ni hiki: Kambarage alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, tarehe 13 Aprili 1922, akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe, na hakuingia darasani mpaka alipofika umri wa miaka 12. Mtoto wa darasa la pili anaposikia kwamba mtu aliyekuja kuwa rais alianza kujifunza herufi akiwa mkubwa kuliko yeye, hukaa kimya akitafakari, na maswali huanza hapo hapo. Usiyakatize. Shule yenyewe ilikuwa Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, na kutoka Butiama ni mwendo wa takriban kilomita 40.

Umbali huo ndio tendo la kwanza. Siku ya mapumziko, asubuhi kabla jua halijawa kali, tembea na watoto kilomita mbili mkihesabu hatua au mkipima kwa simu. Mtakapofika, kaeni kivulini, wape maji, kisha waulize: ingekuwa kutoka Butiama hadi Musoma, tungekuwa tumebakiwa na vipande vingapi kama hiki? Aliyejifunza kugawanya atapata jibu la 19, na miguu yake itamweleza maana ya jibu hilo. Msimlazimishe mdogo kutembea zaidi ili kumtia adabu; shabaha ni aelewe kwamba elimu ilitafutwa kwa jasho, na ukimchosha ataichukia safari pamoja na simulizi lake.

Tendo la pili linahusu Muungano. Watoto wengi wameiona picha ya Mwalimu akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, Aprili 1964, na wengi huidhani ni picha ya kilimo. Familia zetu nyingi zenyewe ni miungano midogo, baba akitoka upande mmoja wa nchi na mama upande mwingine. Mnapokwenda kusalimia nyumbani mwishoni mwa mwaka, chukueni kopo la udongo wa kwa baba na kopo la udongo wa kwa mama, mkieleza kwa wenyeji nia yenu ili wasishangae. Mkirudi, mtandike gazeti sakafuni, kila mtoto aguse udongo wa kila upande, aseme unatofautianaje kwa rangi na kwa unyevu, kisha auchanganye na kuujaza kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Pandeni humo mche wa limau au wa mpapai. Sisi tulitumia udongo mwekundu wa milimani na mchanga wa pwani, na mtoto wangu wa kati ndiye aliyetanabahisha kwamba baada ya kuchanganya huwezi tena kuutenganisha. Hapo niliweza kumweleza kwa nini Zanzibar ina rais wake na serikali yake, na bado nchi ni moja, na kwa nini watu wazima wanaendelea kuujadili mpango huo mpaka leo. Wakati huo huo mtoleeni sarafu ya shilingi 500 amwone Sheikh Abeid Amani Karume, kwa kuwa Muungano ulikuwa na waasisi wawili. Familia zinazoishi ughaibuni zisijaribu kusafirisha udongo, kwani nchi nyingi haziruhusu uingizwe. Zitumie mchele na choroko katika bakuli moja, na baadaye zipike.

Sasa nifike kwenye zoezi ninalolithamini kuliko yote, ambalo huchukua mwezi mzima na halihitaji fedha. Katika ahadi za mwana-TANU, yaani mwanachama wa chama cha Mwalimu kilichopigania uhuru, mlikuwamo maneno haya: «Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu.» Yaandikeni kwa herufi kubwa na kuyabandika jikoni. Kisha kila wiki mtoto mmoja awe mwenyekiti wa nyumba. Cheo chake kiwe na mamlaka ya kweli, la sivyo atatambua kwamba anachezewa: yeye ndiye anayegawa vipande vya nyama au matunda, anayepanga zamu ya kuosha vyombo, na anayetunza kiasi kidogo cha fedha za mkate wa asubuhi. Siku ya mwisho wa wiki familia nzima ikae baraza, wazazi wakiwamo, naye asome hesabu: nilipewa kiasi gani, nilitumia kiasi gani, kimebaki kiasi gani. Wenzake wana haki ya kuuliza kwa heshima kwa nini kipande kikubwa kilikwenda kwake, naye anawajibika kujibu bila kukasirika. Mzazi asimtetee wala asimshtaki.

Baraza likiisha, mwenyekiti hung'atuka. Neno hili lisimulieni kwa makini, maana ni hazina. Mwalimu alilitoa katika Kizanaki, lugha ya mama yake, na kuliingiza katika Kiswahili cha siasa alipoeleza nia yake ya kuondoka madarakani kwa hiari, na mwaka 1985 akaondoka kweli, Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi. Mtoto aliyeonja utamu wa kugawa nyama kwa siku saba, kisha akalazimika kukabidhi sahani na daftari kwa mdogo wake anayemwona hajui kitu, anaelewa uzito wa kung'atuka kuliko mtu mzima aliyelisoma neno hilo kwenye kamusi. Wiki ya kwanza kutakuwa na machozi. Wiki ya tatu mtaona mtoto anamgawia mwenzake kwanza na kujichukulia cha mwisho, si kwa kuwa amekuwa malaika, bali kwa kuwa anajua Jumamosi ataulizwa. Kwangu mimi hilo linatosha, kwa sababu uwajibikaji wa viongozi wengi mahali popote huanza na kujua kwamba wataulizwa.

Jioni nyingine chezeni bao, mchezo ambao Mwalimu aliupenda na aliendelea kuucheza kwao Butiama alipokuwa mzee. Msianze na bao la kiswahili lenye nyumba na kete 22 za mkononi, kwani kanuni zake zitawavunja moyo wanaoanza; anzeni na bao la kujifunza, ambamo kila shimo katika yale 32 linatiwa kete mbili tangu mwanzo. Kama hamna ubao, chimbeni mashimo uwanjani, safu nne za mashimo manane, na mtumie komwe au kokoto. Mchezo ukiendelea, sikilizeni kipande cha hotuba yake. Redio ya taifa imezirusha mara nyingi na rekodi zake hupatikana kwenye intaneti. Kisizidi dakika tano. Kwa wakubwa, hotuba ya mwaka 1978 alipolitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin yaliyovamia Kagera, ni mfano mzuri wa namna alivyojenga hoja kwa mambo matatu tu, uwezo, sababu na nia, hata kila msikilizaji akaweza kuyarudia. Mwombe mtoto aeleze jambo lake mwenyewe, labda ombi la kwenda kulala kwa binamu, kwa mpango huo huo wa mambo matatu.

Watoto wanaopenda maigizo wapewe kazi yao. Mwalimu alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, ile ya Julius Caesar na ile ya mabepari wa Venisi, na ukurasa mmoja unatosha kusomwa kwa sauti sebuleni na kanga kama joho.

Kuna hatari moja ambayo mzazi asipojihadhari atajikuta ameingia: mtoto anaweza kuamini kwamba mtu mmoja ndiye aliyeleta uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Kwa wakazi wa Dar es Salaam dawa yake ni safari ya daladala. Mpe mtoto daftari aandike majina ya barabara mnazopita: Bibi Titi Mohamed, Kawawa, Sokoine, Mandela, Nyerere. Barabara hii ya mwisho zamani iliitwa ya Pugu, na huko Pugu ndiko Mwalimu alikofundisha mpaka mwaka 1955, alipoacha mshahara wa ualimu ili aifanyie kazi TANU, chama kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kila usiku elezeni jina moja. Kwa Bibi Titi msipite haraka. Alikuwa mwimbaji katika vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akaongoza sehemu ya wanawake ya TANU, na kupitia mitandao hiyo ya ngoma wanawake wengi waliingia katika harakati za uhuru. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akaachiliwa mwaka 1972, na leo barabara kubwa inaitwa kwa jina lake. Binti yangu alipouliza inawezekanaje mtu afungwe na nchi ile ile iliyompa barabara, nilimjibu kwamba swali lake ni zuri na kwamba mashujaa nao waligombana.

Swali hilo linatufikisha kwenye sehemu ambayo wazazi wengi huikwepa. Mtoto wa miaka kumi na miwili au zaidi aelezwe pia yaliyoumiza. Baina ya 1973 na 1976 serikali iliwahamishia mamilioni ya watu katika vijiji vya ujamaa, na katika sehemu nyingi walihamishwa kwa nguvu, wakaacha nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao. Sheria ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka, iliyopitishwa mwaka 1962, ilitumika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni za sukari, sabuni na unga. Mtoto akifichwa mambo haya atayakuta akiwa kijana, na siku hiyo atadhani hata mema uliyomsimulia yalikuwa uongo. Mimi nampenda Mwalimu na ninamheshimu sana, na kwa sababu hiyo sitaki heshima ya wanangu kwake isimame juu ya kitu kitakachobomoka.

Zoezi la kufaa hapa ni mahojiano na mzee wa familia. Mtoto aandae maswali matano, amwamkie bibi yake kwa shikamoo, akae chini karibu naye, na aombe ruhusa kabla ya kurekodi. Maswali yawe ya vitu, si ya maoni: mlihamishwa mwaka gani, mlibeba nini, nyumba mpya mliijenga kwa vifaa gani, shule ilikuwa wapi, nani alikufundisha kusoma? Swali la mwisho lina sababu yake. Bibi wa wanangu, ambaye alihamishwa na familia yake na bado huongea kwa uchungu juu ya migomba waliyoiacha, alijifunza kusoma katika madarasa ya elimu ya watu wazima yaliyoenea nchini baada ya mwaka 1970. Aliyasimulia yote mawili kwa pumzi moja, uchungu na shukrani, bila kuona kwamba yanapingana. Wajukuu walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi.

Baada ya mahojiano, mtoto anakili majibu kwenye daftari kwa maneno ya bibi mwenyewe, bila kuyasahihisha Kiswahili chake, kisha anamsomea ili aseme palipokosewa. Bibi akiridhika, anatia sahihi chini ya ukurasa na tarehe.