Kutatua pembetatu za tufe zisizo na pembe mraba, hatua kwa hatua

Pembetatu ya tufe, yaani iliyochorwa juu ya uso wa mpira, haisumbui sana ikiwa na pembe ya 90°, kwa sababu kanuni zake ni fupi na kila moja ina vipande vitatu tu. Tabu huanza pale ambapo hakuna hata pembe moja ya 90°. Wengi hapo hukimbilia kanuni ya sini kwa kuwa ndiyo nyepesi kukumbuka, na hapo ndipo jibu hupotea bila mtu kujua. Ndani ya pembetatu ya tufe kila upande na kila pembe iko kati ya 0° na 180°. Katika eneo hilo kosini ya 56° na kosini ya 124° zinatofautiana kwa alama, moja chanya na nyingine hasi. Sini zake ni sawa kabisa. Kwa hiyo kosini na tanjenti ya nusu pembe hukupa jibu moja, ilhali sini hukupa mawili na kukuachia kazi ya kuchagua. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo: tumia sini pale tu ambapo hakuna njia nyingine.

Hatua ya 1: Chora, andika majina, kagua

Ziite pembe A, B na C, na pande zinazozikabili a, b na c. Pande za pembetatu ya tufe ni vipande vya maduara makuu, yaani maduara ambayo kitovu chake ni kitovu cha tufe lenyewe, na hupimwa kwa nyuzi kama pembe, kutoka kitovu cha tufe. Ukitaka kilomita, geuza nyuzi kuwa radiani na uzidishe kwa nusukipenyo mwishoni, si mwanzoni. Hakikisha kikokotoo kipo kwenye nyuzi na si radiani.

Kisha kagua data yenyewe. Jumla ya pande tatu lazima iwe chini ya 360°. Jumla ya pembe tatu lazima izidi 180° na isifike 540°. Jumla ya pande mbili zozote huzidi upande wa tatu, na upande mkubwa hukabili pembe kubwa. Sharti hili la mwisho liweke karibu, tutalihitaji sana.

Hatua ya 2: Tambua una nini mkononi

Vipande ni sita, nawe umepewa vitatu. Hali zinazowezekana ni sita: pande mbili na pembe iliyo katikati yake, pande tatu, pembe tatu, pembe mbili na upande ulio kati yake, pande mbili na pembe inayokabili mmoja wao, pembe mbili na upande unaokabili mojawapo. Nne za kwanza zina jibu moja. Mbili za mwisho zinaweza kuwa na majibu mawili, moja, au kukosa jibu. Usiguse kikokotoo kabla ya kujua uko katika hali ipi.

Hatua ya 3: Pande mbili na pembe ya katikati

Hii ndiyo hali inayojitokeza zaidi kazini, kwa mfano unapotafuta umbali kati ya sehemu mbili ambazo latitudo na longitudo zake unazijua. Ncha ya tatu ya pembetatu huwa ni Ncha ya Kaskazini au ya Kusini ya dunia. Kanuni ni ya kosini kwa pande:

cos a = cos b · cos c + sin b · sin c · cos A

Tuchukue b = 60°, c = 80°, A = 110°.

cos a = 0.5 × 0.173648 + 0.866025 × 0.984808 × (−0.342020)
cos a = 0.086824 − 0.291698 = −0.204874
a = 101.822°

Alama ya hasi imetuambia yenyewe kwamba upande unazidi 90°. Sasa pembe B. Ipindue kanuni ileile:

cos B = (cos b − cos a · cos c) ÷ (sin a · sin c)
cos B = (0.5 + 0.035576) ÷ 0.963919 = 0.555623
B = 56.246°

Kwa njia hiyohiyo, cos C = 0.325704, na C = 70.992°.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi ninapohitaji pembe kabla ya upande, ni kanuni za Napier:

tan ½(C + B) = cos ½(c − b) ÷ cos ½(c + b) × 1 ÷ tan ½A
tan ½(C − B) = sin ½(c − b) ÷ sin ½(c + b) × 1 ÷ tan ½A

Ya kwanza inatoa 2.01617, yaani 63.619°. Ya pili inatoa 0.12939, yaani 7.373°. Jumlisha upate C = 70.992°; toa upate B = 56.246°. Napier, Mskochi aliyechapisha logarithimu zake mwaka 1614, alikuwa na sababu nzuri ya kupenda maumbo kama haya. Ni kuzidisha na kugawanya tu, na logarithimu hugeuza hayo kuwa kujumlisha na kutoa. Kanuni ya kosini ina alama ya kujumlisha katikati, na hapo logarithimu hukwama.

Hatua ya 4: Pande tatu

Kanuni ya kosini iliyopinduliwa inatosha, lakini nusu pembe ni safi zaidi. Tafuta nusu ya jumla ya pande, s, kisha:

k = kipeuo cha pili cha [sin(s − a) · sin(s − b) · sin(s − c) ÷ sin s]
tan ½A = k ÷ sin(s − a)

B na C hufuata mtindo huohuo. Kwa a = 50°, b = 60°, c = 70°, s ni 90° na sin s ni 1. Kwa hiyo k ni kipeuo cha pili cha 0.642788 × 0.5 × 0.342020, yaani 0.331546. Matokeo ni A = 54.57°, B = 67.10°, C = 88.22°.

Jumla ya pembe ni 209.88°. Ziada ya 29.88° juu ya 180° si kosa: ndiyo eneo la pembetatu. Igeuze kuwa radiani, 0.5216, kisha zidisha kwa mraba wa nusukipenyo. Kwenye tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, sawa na wastani wa dunia, unapata takriban kilomita za mraba milioni 21.2.

Hatua ya 5: Pembe tatu, au pembe mbili na upande wa kati

Kwenye karatasi bapa, pembe tatu hazitoshi kukupa ukubwa wa pembetatu. Kwenye tufe zinatosha, na hili ni moja ya mambo mazuri kuliko yote katika somo hili. Kila pembetatu ya tufe ina mwenzake wa ncha: pande za mwenzake ni 180° toa pembe za ya kwanza, na pembe za mwenzake ni 180° toa pande za ya kwanza. Ukitatua mmoja, umetatua wote wawili.

Tuseme umepewa B = 120°, C = 100°, a = 70°. Mwenzake ana pande 60° na 80°, na pembe ya katikati 110°. Ni pembetatu ya Hatua ya 3! Tunajua tayari vipande vyake vingine: 101.822°, 56.246° na 70.992°. Toa kila kimoja kutoka 180°, na pembetatu yako ni A = 78.178°, b = 123.754°, c = 109.008°. Hakuna hesabu mpya hapo zaidi ya kutoa. Pembe tatu nazo hugeuka kuwa pande tatu, ukarudi Hatua ya 4.

Asiyetaka kupita huko atumie kanuni ya kosini kwa pembe:

cos A = −cos B · cos C + sin B · sin C · cos a

Angalia alama ya hasi mwanzoni. Ndiyo inayosahaulika.

Hatua ya 6: Hali zenye utata

Hapa sini haiepukiki. Tumepewa a = 60°, b = 70°, A = 50°.

sin B = sin b · sin A ÷ sin a = 0.719846 ÷ 0.866025 = 0.831207

Kama jibu lingezidi 1, pembetatu isingekuwepo na kazi ingeishia hapo. Halizidi, kwa hiyo B ni 56.223° au 123.777°. Kikokotoo kitakuonyesha ya kwanza tu. Ya pili iandike wewe mwenyewe, papo hapo, kabla ya kuendelea.

Sasa lirudie lile sharti: upande mkubwa hukabili pembe kubwa. Kwa kuwa b inazidi a, B lazima izidi 50°. Zote mbili zinazidi, kwa hiyo zote mbili ni halali na una pembetatu mbili. Kila moja imalizie kwa Napier:

tan ½C = cos ½(a − b) ÷ cos ½(a + b) × 1 ÷ tan ½(A + B)
tan ½c = cos ½(A + B) ÷ cos ½(A − B) × tan ½(a + b)

Kwa B = 56.223°: C = 121.05°, c = 104.40°.
Kwa B = 123.777°: C = 14.60°, c = 16.56°.

Tofauti ni kubwa mno. Aliyechukua jibu la kikokotoo bila kuuliza ana upande wa 104° mahali ambapo huenda ukweli ni 17°. Hesabu peke yake haiwezi kuchagua kati ya hizo mbili. Taarifa ya ziada kuhusu tatizo lenyewe ndiyo huamua, kwa mfano kujua kwamba C ni pembe kali.

Ukipewa pembe mbili na upande unaokabili mojawapo, utaratibu ni uleule: sini kwanza, majibu mawili, chujio, kisha Napier. Na kama a + b iko karibu sana na 180°, kigawanyo cha kanuni ya kwanza kinakaribia sifuri. Tumia pacha yake, yenye sini na nusu tofauti ya pembe.

Hatua ya 7: Hakiki kwa kanuni nyingine

Watu wengi huhakiki kwa kulinganisha sin A ÷ sin a, sin B ÷ sin b na sin C ÷ sin c. Katika mfano wa Hatua ya 3 zote zinatoa 0.96006, vizuri. Lakini uwiano huo unakagua hesabu tu, haukagui uchaguzi, kwa kuwa ungebaki vilevile hata kama ungeandika B = 123.754°. Hakiki kwa kanuni ya kosini kwa pembe, ile ya Hatua ya 5. Ukiweka B = 56.246°, inakurudishia cos A = −0.342020, yaani 110° kamili. Ukiweka 123.754°, unapata A ya takriban 88.9°, na kosa limejitokeza.

Tahadhari moja kuhusu pande fupi sana. Kosini ya 0.01° ni 0.99999998477. Kikokotoo kinachokata baada ya tarakimu 8 za desimali hubaki na 0.99999998, na ukirudi nyuma unapata 0.0115°, yaani umekosea kwa takriban asilimia 15. Kwa pande kama hizo acha kosini, tumia mraba wa sini ya nusu:

sin²(½a) = sin²(½(b − c)) + sin b · sin c · sin²(½A)

Ni kanuni ya kosini ileile iliyopangwa upya. Haipotezi tarakimu upande unapokuwa mfupi, na kipeuo chake cha pili hutoa nusu ya upande, ambayo haiwezi kuvuka 90°. Sini hapa haina majibu mawili.