Batani ya "Ghairi" inayoghairi kweli kwenye Flutter

Juzi nilikaa na dogo mmoja anatengeneza kwa Flutter (zana ya kuundia apu) apu ya pasti pepa za fomu foo, faili moja lina kama MB 40, likifika 37% mtandao unalegea, duara linazunguka weee na hakuna pa kubonyeza, mtu anaua apu nzima na bando limeshaliwa. Tulivyomaliza ni hivi.

1. Weka Dio, pakiji ya kuvuta na kutuma data mtandaoni, toleo la 5. Hiyo pakiji ya http iache kwa maombi madogo madogo, kwa mafaili mimi siigusi.

2. Tengeneza tokeni (kitu kinachobeba amri ya kughairi), uikabidhi kwa download:

```
_tokeni = CancelToken();
await dio.download(url, njia, cancelToken: _tokeni);
```

Kwenye batani: `_tokeni?.cancel()`.

3. Hapa sasa ndo pananiuma, maana palinilaza macho usiku kucha. Tokeni ukishaighairi imekufa, haifufuki, na ombi lolote utakalolipa tokeni hiyo linagoma papo hapo. Mimi niliiandika mara moja tu juu ya klasi, na `final` mbele, kwa hiyo kughairi kulifanya kazi vizuri tu ila "Jaribu tena" inakataa sekunde ileile, nikailaumu seva, nikabadili laini, nikaomba hotspoti kwa jirani, kumbe kosa langu mwenyewe. Kila ukianza kushusha, tengeneza tokeni mpya, ndani ya fankshen ileile inayoita download. Na kila faili liwe na yake, ukiwapa mafaili matano tokeni moja, ukighairi moja yote yanaondoka. Alafu kughairi kunarudi kama DioException, so kwenye catch (pale unaponasa makosa) uliza kwanza `CancelToken.isCancel(e)`, ikiwa ndiyo usimtolee mtu maandishi mekundu ya "Kuna tatizo", si kaghairi mwenyewe? Na akitoka kwenye skrini, ghairi ndani ya `dispose` (inaitwa skrini ikifungwa), na uangalie `mounted` (kama skrini bado ipo) kabla ya `setState` inayochora skrini upya, la sivyo apu inalalamika.

4. Kwa faili lililokwama kabisa, weka `receiveTimeout` (muda wa juu wa kusubiri data) ya sekunde 30. Inahesabu ukimya kati ya kipande na kipande, sio muda wote, kwa hiyo mwenye mtandao wa kobe haonewi. Ila seva inayodondosha tone tone haitakamatwa, hapo batani ndo mkombozi.

5. Nusu faili Dio inafuta yenyewe. Ukionyesha asilimia, jua `total` (ukubwa wa faili zima) inaweza kuja -1 kama seva haijataja ukubwa, onyesha MB tu. Dogo alikuwa anaonyesha asilimia hasi.

Kujaribu, achana na waifai ya ofisini. Chukua simu, weka laini kwenye 2G, anza kushusha, ghairi, bonyeza "Jaribu tena" hapohapo kabla hujapumua. Ikianza upya kutoka 0%, umemaliza, ikigoma rudi namba 3.