Somo: Kutazama vivuli vya miezi juu ya Mshtarii ukiwa Mbeya

Kitone cheusi kinachovuka uso wa Mshtarii ni kupatwa kwa jua kunakotokea huko: mmoja wa miezi minne mikubwa iliyoonwa na Galileo mwaka 1610 umelikinga jua, na kivuli chake kimeangukia mawingu ya sayari.

Hatua ya kwanza ni kujua saa, kwani hapa kubahatisha hakufai. Majedwali ya nyakati za vivuli hivi huandikwa kwa saa za kimataifa (UTC), hivyo ongeza saa 3, kisha uhesabu kwa Kiswahili: 18:00 ya jedwali ni 21:00 kwetu, yaani saa 3 usiku. Anza na mwezi uitwao Io, ambao huizunguka Mshtarii kwa saa 42 na nusu hivi na kivuli chake huvuka kwa takriban saa 2.

Hatua ya pili, toa darubini nje nusu saa kabla, maana baridi ya Juni hapa Mbeya ni kali, na lenzi iliyotoka chumbani ikiwa na joto huifanya picha ichezecheze. Lenzi ya milimita 80 inaweza kutosha, ingawa 100 ni bora zaidi. Kuza mara 100 hadi 150.

Hatua ya tatu, tazama ukingo wa sayari bila haraka. Kivuli huanza kama pengo dogo ukingoni, kisha huwa kitone cha duara, cheusi tititi. Usihangaike kuutafuta mwezi wenyewe, kwa sababu rangi yake hukaribiana na ya mawingu na hupotea humo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo Mwalimu. Mbona kivuli hakikai chini ya mwezi wake?*

Marahaba. Sisi na jua hatuitazami Mshtarii kutoka upande mmoja. Kabla Mshtarii haijakabiliana na jua, yaani kabla haijawa upande wa anga ulio mkabala na jua, kivuli hutangulia mwezi wake, baadaye hufuata. Mwaka 2027 Mshtarii itakabiliana na jua Februari, wakati wa mvua zetu, kwa hiyo anga litakapotakata mwezi Mei tutaona kivuli kikifuata.

*Je, darubini ya macho mawili itafaa?*

Miezi utaiona, kivuli hutakiona.

*Vivuli vitatu vinaweza kuonekana pamoja?*

Ndiyo, ilitokea tarehe 24 Januari 2015, kwa vivuli vya Io, Europa na Callisto. Lazima Callisto awemo, kwa sababu mizunguko ya Io, Europa na Ganymede imefungamana kiasi kwamba hiyo mitatu haijipangi kamwe upande mmoja kwa wakati mmoja.